Pamba ya Sebuleni

Saa kumi kasoro robo alasiri, siku ya Jumatano, wageni sita walisimama katika chumba cha uani cha nyumba moja ya Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani, Tanga, wakatazama juu. Boriti za dari zilikuwa na masizi.

"Hiki hakikuwa jiko," alisema Hidaya Mbaruku. "Tazameni sakafu. Imeinamia mferejini, na mfereji unaishia kwenye shimo lililojengewa mawe. Hapa palioshwa maiti. Sasa, maji ya kuoshea maiti huwa ya uvuguvugu. Hayahitaji moto wa kuacha masizi kama yale. Kwa hiyo moto ulikuwa wa kazi nyingine."

"Nyama choma!" alisema mgeni mmoja, Bwana Ngowi, mfanyabiashara wa Moshi, na mkewe akampiga kibao cha begani.

Hidaya alingoja wamalize kucheka. Alikuwa ameongoza matembezi haya miaka kumi na miwili, na hapa kila kundi lilikuwa na mtu wake wa kufanya mzaha. Chumba kiliwatisha, nao walihitaji pa kupumulia.

"Kazi ya mchanga," aliendelea.

Akawaeleza Mvuno kwa maneno aliyoyapunguza mwaka hadi mwaka mpaka yakabaki yale tu yasiyoweza kupingwa. Mtu akifa, kumbukumbu zake hazifi papo hapo. Hubaki ubongoni zikiwa zimeandikwa katika vitu vidogo kuliko uzi wa buibui, na kadiri mwili unavyopoa ndivyo zinavyotulia. Kwa saa sita za kwanza, wavu wa Hazina ya Kumbukumbu ukivikwa kichwani unaweza kuzisoma zote: alichokiona, alichokisikia. Sheria ilitaka kila maiti avunwe. Mrithi wa kwanza huonyeshwa mavuno yote, na mahakama huchukua inachokihitaji. Adui wa Mvuno ni joto. Yai likichemka, ute wake haurudi tena kuwa maji. Ubongo nao ni hivyo hivyo.

"Kwa hiyo palikuwa na watu," alisema Hidaya, "wengi wao wanawake, waosha maiti wa mitaa hii, waliokaanga mchanga, wakautia katika mifuko ya kitambaa, wakamzungushia marehemu kichwani kabla ya wavu kufika. Wavu ukija haukuti kitu. Serikali iliwaita Wazimaji. Miaka sita iliyopita walipewa msamaha, na ndiyo sababu leo naweza kuwaleta hapa mchana kweupe."

"Na kuzima je? Kumeruhusiwa?" aliuliza mke wa Ngowi.

"Hapana. Mji umewasamehe waliofanya. Kitendo haujakisamehe." Akaweka kiganja ukutani. "Mchanga wenyewe waliuchota pwani, kule Raskazone, wakaubeba kwa vikapu."

Nyuma ya kundi mtu alicheka puani. Alikuwa bibi mwembamba mwenye macho ya manjano, amejifunga kanga mbili, ameshikwa mkono na binti yake.

"Mchanga wa pwani ukiuweka motoni unakurukia usoni, mwanangu," alisema. "Una vigamba."

"Mama," binti alinong'ona.

"Nini, Tunu? Nimekaanga karanga miaka arobaini. Karanga hukaangwa kwa mchanga wa mto. Hilo nalo ni siri ya serikali?"

Kundi lilicheka. Hidaya naye alitabasamu, lakini mkono wake ulibaki palepale ukutani. Alijua vizuri kwamba mchanga ulikuwa wa mto. Punje zilizokutwa katika nyufa za sakafu hii zilikuwa zimepimwa. Uongo wa pwani alikuwa akiurudia kwa makusudi kila Jumatano na kila Jumamosi, kuona nani atashindwa kuuvumilia. Watu watatu walikwisha kumsahihisha. Wote watatu aliwafuatilia, na wote walikuwa wauza karanga.

Akawapitisha sebuleni. Ukutani, juu kidogo ya usawa wa kitanda, palikuwa na kidaka, na ndani yake chupa pana ya kioo yenye kifuniko. Pamba iliyokuwamo ilikuwa imegeuka rangi ya chai.

"Hapa mgonjwa aliyeogopa Mvuno alilazwa siku zake za mwisho," alisema Hidaya. "Alimwita Mzimaji, akamshika mkono, akamweleza yote yaliyomlemea. Mzimaji alisikiliza, na alikuwa amekula yamini ya kutotamka neno. Walikuwa masikio ya mji huu. Pamba ile ni akiba ya kumwekea maiti baada ya kuoshwa."

"Pamba ya maiti haikai sebuleni," alisema yule bibi.

"Hukaa wapi?"

"Na maiti."

Hidaya aliyachukua maneno hayo kuwa ushahidi wa jambo moja: mwanamke huyu amewahi kuwa mwosha. Kuhusu pamba hakuuliza zaidi.

Ngowi alikuwa akikuna kidevu. "Ngoja, dada. Hapo siri si imehama kichwa tu? Imetoka kwa marehemu, imeingia kwa Mzimaji. Siku Mzimaji akifa, wanamvuna yeye, biashara imekwisha."

"Wazimaji walizimana wao kwa wao," Hidaya alijibu. "Mwenye tatizo ni yule wa mwisho."

Wote walicheka isipokuwa bibi.

*

Wageni walipopanda bajaji zao, bibi alibaki ameketi barazani. Akamtuma Tunu machungwa sokoni, na Tunu alipokwisha kukata kona akasema, "Mchanga wa pwani. Umeutega huo mtego muda gani?"

"Miaka mingi. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Naitwa Siwatu. Umekamata wangapi?"

"Wauza karanga watatu."

Bi Siwatu alicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, akajifuta mdomo kwa pindo la kanga. "Na mimi wa nne. Karanga nilikaanga kweli, usinione mwongo. Wewe ni binti wa Mbaruku, fundi umeme."

"Ndiyo."

"Nilijua kabla sijaja."

Hidaya aliketi. Swali lililofuata alikuwa amelibeba tangu akiwa msichana wa miaka kumi na minane, na sasa alipolitoa lilitoka kwa sauti ya kawaida kabisa. "Kaoneka ulimwosha wewe?"

"Nilimwosha mimi. Sheria imenisamehe, kwa hiyo nasema."

Kaoneka alikuwa nyapara wa ghala la mkonge lililoungua miaka ishirini na sita kabla ya Jumatano hiyo. Watu wanne walifia ndani, milango ikiwa imefungwa kwa nje. Fundi Mbaruku alishitakiwa kwamba alichezea nyaya. Kaoneka, mgonjwa wa mapafu, aliletwa mahakamani kwenye kiti cha magurudumu akasema sentensi moja: "Ngojeni nife, mtaona." Hakimu aliahirisha hukumu. Kaoneka alikufa, wavu ukaletwa, wavu haukukuta kitu. Mbaruku akafungwa maisha. Kwa sheria ya Mvuno, hukumu kama hiyo hutenguliwa na kumbukumbu iliyovunwa. Ushahidi mwingine wowote haufungui shauri.

"Alikwambia nini?"

"Hilo sisemi."

"Baba yangu yuko ndani hadi leo, Bi Siwatu."

"Najua aliko." Bibi alitazama mikono yake. "Nikikwambia kichwani mwangu hamna unachokitafuta, utaniamini?"

Hidaya alifikiri kabla ya kujibu, kwa kuwa swali lilistahili jibu la kweli. "Hapana."

"Mimi nisingeamini pia. Basi sikiliza kilichonileta. Ini limekwisha. Daktari amenipa mpaka mvua za vuli, naona amenipendelea. Wenzangu wote waliobaki nimewazima kwa mikono hii. Nataka uniwekee mchanga."

"Mimi?"

"Nani mwingine anajua joto lake? Umelipima, umelisoma, unalitangaza mitaani kwa kipaza sauti. Halafu, nataka anioshe mtu mwenye sababu ya kunikatalia. Mwenye huruma tu atasema ndiyo, kisha siku ya siku ataogopa."

"Unaogopa nini kionekane?"

Bi Siwatu alitazama ile kona. "Cha Tunu. Sikumzaa. Mama yake nilimwosha mimi. Alijitoa roho mwenyewe, na mtoto wa siku tatu amelala ubavuni kwake. Ndugu hawakuja. Nilimzika mmoja, nikarudi nyumbani na wa pili. Wewe unafanya kazi na maneno, utanielewa: kuambiwa kuna namna yake. Mtu anaweza kuambiwa kwa upole. Mvuno hauambii, unakuonyesha, na utamwonyesha kwa macho yangu, kama nilivyomkuta."

"Kwa nini usimwambie sasa?"

"Kila siku naamka niseme. Kila siku ananiletea uji kwanza."

Tunu alitokeza na mfuko wa machungwa. Alikuwa amekunja uso kwa jua, na alipowaona wamekaa karibu vile akasema, "Mama umeshaanza umbea na dada wa watu?"

"Tumemaliza," alisema Bi Siwatu. "Si tumemaliza?"

"Nitaweka mchanga," alisema Hidaya.

Alipotamka hivyo hakuwa ameamua, na kwa vipimo vyake mwenyewe, kuahidi jambo ambalo hujaamua ni uongo. Alilitambua hilo palepale. Hakulirekebisha.

*

Jumapili alimweleza baba yake yote, pamoja na habari ya Tunu. Mbaruku alisikiliza akiwa ameweka vidole juu ya meza ya chumba cha wageni cha gereza, vidole vya fundi, vimevimba viungo sasa. Alikuwa na miaka sabini na minne.

"Unaniarifu au unaniuliza?" alisema.

"Nakuuliza, baba."

"Ulitaka nikukataze. Niseme, acha, mwanangu, tusimvunjie mwenzetu heshima, mimi Mungu ananijua. Halafu uondoke hapa una baba muungwana." Alitikisa kichwa. "Wanakuja wale wa dini, wananisifu subira. Subira gani? Mlango umefungwa kwa nje. Mimi nikifa nitasafishika, wavu utanisafisha. Tatizo ni kwamba mpaka nife. Nataka kutoka, Hidaya. Nataka kukaa kwenye ngazi ya nyumba yangu Chumbageni nimenyoosha miguu, watu wapite wanisalimie kwa kulazimika."

"Nilimwahidi."

"Umeahidi watu wawili. Wa kwanza ulimwahidi ukiwa na miaka kumi na minane, palepale ulipokaa."

Askari aligonga mlango. Mbaruku aliinuka kwa kusukuma meza.

"Na huyo mtoto wa watu?" Hidaya aliuliza.

"Ana miaka mingapi?"

"Thelathini na kitu."

"Basi si mtoto," alisema baba yake, akaondoka.

Njiani kurudi mjini Hidaya aliyapanga maneno yake kama anavyopanga maelezo ya matembezi, akatafuta lililo na kasoro. Hakuliona. Hata hivyo palikuwa na swali moja ambalo katika miaka yote hiyo hakuwahi kumuuliza baba yake, nalo ni kama aliwahi kuugusa ule waya. Mambo mengine yote alikuwa ameyapima.

*

Mvua za vuli zilikuwa hazijaanza Tunu alipopiga simu, Ijumaa, jua likichomoza. "Dada Hidaya. Mama ametutoka. Njoo na ule mchanga."

Nyumba ilikuwa Makorora. Mchanga Hidaya alikuwa ameshauchota Mto Zigi, akauosha, akauanika. Tunu alimpokea mlangoni bila kulia. Alikuwa katika hali ya watu wenye kazi ya kumaliza kwanza. Alikuwa amekwisha kufunga taya la mama yake kwa kitambaa na kumlaza kuelekea kibla. Majirani alikuwa hajawaita.

"Alisema wewe ndiye utakayeniambia la kufanya," alisema Tunu. "Alisema nikuamini kama yeye."

"Chemsha maji ya kuoshea. Yawe vuguvugu. Tafuta kafuri na majani ya mkunazi. Mimi nitakuwa na mchanga uani."

Aliwasha jiko la gesi, akaweka karai, akamimina mchanga. Kipimajoto alikuwa nacho mfukoni, lakini Wazimaji walikuwa na kipimo chao, naye alitaka kukitumia: punje moja ya mchele huwekwa juu ya mchanga, na mwosha husoma Alhamdu. Punje ikibadilika rangi kabla ya aya ya mwisho, mchanga uko tayari. Hidaya aliweka punje. Akasoma. Aya ya nne punje ilianza kuwa ya dhahabu, na aya ya sita ilikuwa ya kahawia.

Mifuko miwili ya marekani ilikuwa kando, imeshonwa na marehemu mwenyewe. Mishono yake ilikuwa midogo na iliyonyooka.

Hidaya aliitazama. Kisha akazima gesi, akatoa simu, akaipigia Hazina ya Kumbukumbu. Alitaja jina la marehemu, mtaa, na saa ya kufa, kwa usahihi. Alipoulizwa yeye ni nani alisema, "Mwombaji katika shauri la Mbaruku," akataja na namba yake.

"Tayari?" Tunu aliuliza kutoka ndani, nyuma ya pazia.

"Bado."

"Mbona sisikii jiko?"

"Bado, Tunu."

Akabaki amesimama karibu na karai. Mchanga unapopoa haubadiliki kwa macho. Ilibidi auguse kujua, na alipougusa mara ya pili alikuwa anaweza kuuacha mkono humo.

Hodi ilibishwa mara tatu mlango wa mbele. Tunu alikwenda kufungua akidhani ni jirani, na Hidaya akasikia sauti ya mwanamume ikitoa pole, ikijitambulisha, ikieleza kwamba wavu hauumizi na hauchukui muda. Halafu nyayo za Tunu zikirudi uani.

"Nani kawaita?"

"Mimi."

Tunu aliutazama mkono wake uliokuwa ndani ya mchanga.

"Mama kakaa vitandani mwa watu wanaokufa mji mzima huu," alisema. "Kaona waongo wa kila aina. Halafu kaja kukuchagua wewe." Alisema polepole, kama mtu anayesoma maandishi yasiyosomeka vizuri. "Alikuwa na nini? Wewe kakwambia. Alikuwa na nini ambacho mimi sikutakiwa kukiona?"

"Kuna kesi ya baba yangu."

"Sijakuuliza ya baba yako."

Watu wa Hazina walimaliza, wakatia wavu katika sanduku lake, wakaacha cheti cha ruhusa ya kuzika juu ya meza. Baada ya hapo palihitajika mwosha, na aliyekuwepo mwenye kujua alikuwa Hidaya. Tunu hakumfukuza. Alisimama kichwani pa mama yake akishika shuka la sitara kwa mikono miwili, na Hidaya akaosha: upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, mara tatu, ya mwisho kwa kafuri. Hakukosea mahali popote.

*

Mahakama ilitoa kibali cha usiku mmoja tu, usiku aliokufa Kaoneka. Mavuno yaliyobaki yalikuwa ya mrithi. Sheria haikuruhusu kipande chochote kufutwa kabla mrithi hajakiona, kwa hiyo wote wawili waliitwa Hazina siku moja, mwombaji kwanza.

Tunu alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini, amevaa nguo za msiba, na Hidaya alipopita alitazama ukuta.

Mtaalamu wa kusoma mavuno aliitwa Kihiyo, kijana mpole aliyekuwa na tabia ya kuomba radhi kabla ya kila kitu. Alizima taa. "Samahani, picha ya mavuno hutikisika. Ni macho ya mtu, si kamera. Na sauti tunapata ileile iliyomfikia yeye, si iliyokuwamo chumbani. Uko tayari?"

"Ndiyo."

Ukutani pakatokea sebule. Hidaya aliitambua mara moja: dirisha, kidaka, chupa ya kioo ambayo pamba yake ilikuwa bado nyeupe. Sauti zilikuwa wazi: mbwa mbali, pumzi za mgonjwa zikikwaruza kama msumeno. Kaoneka alikuwa kitandani, amegeuza uso ukutani. Hidaya alisogea mbele kwenye kiti.

Mikono ya Siwatu, ambayo ilikuwa bado haijazeeka, ilinyanyuka mbele ya picha. Ilifungua chupa. Ilinyofoa pamba, ikaigawa vipande viwili, ikavisokota kwa vidole vilivyofanya hivyo mara nyingi. Kisha mikono ikapanda, mmoja kila upande, ikatoka nje ya picha.

Mbwa alinyamaza. Pumzi za mgonjwa zikanyamaza. Kikabaki kishindo kizito, cha taratibu.

"Samahani, si hitilafu," alisema Kihiyo. "Ni damu yake mwenyewe. Ukiziba masikio huisikia."

Mikono ilivuta ushungi mbele, ikafunika mashavu. Ikamgusa Kaoneka begani, naye akageuka. Ikamshika mkono. Ndipo sauti ilipokuja, ya mwanamke, kubwa na ya ndani, iliyopita katika mifupa ya fuvu kwa kuwa haikuwa na njia nyingine.

"Sema, kaka yangu. Nakusikiliza."

Macho ya Siwatu yakashuka kwenye mkono aliokuwa ameushika, yakabaki hapo. Hayakuinuka kwenye uso wala midomo. Mkono wa Kaoneka ulikuwa na kucha zilizopasuka na kovu la kamba ya mkonge. Ulikaza. Ulitetemeka. Kidole cha shahada kilinyooka mara moja, kama cha mtu anayeonyesha mahali, kikarudi. Mtu huyo alikuwa akizungumza. Ilionekana katika mishipa ya kiwiko chake, na katika namna alivyotulia kidogo, akavuta nguvu, akaendelea. Alizungumza muda mrefu. Kishindo cha damu hakikubadilika.

Mwishowe mkono ukalegea. Siwatu akaungoja bado. Kisha akauweka kifuani pa mwenyewe, akatoa pamba sikio moja, halafu la pili, na sebule ikarudi na mbwa wake. Pumzi za mgonjwa hazikuwamo tena. Siwatu aliinuka akaenda uani, ambako karai la mchanga wa mto lilikuwa juu ya moto.

"Rudisha," alisema Hidaya.

Kihiyo alirudisha. Waliangalia mara ya pili. Mara ya tatu alijaribu kuikuza sauti mpaka kishindo kikatetemesha kioo cha meza, na chini yake hapakuwa na kitu.

"Tunao waosha wengine wanne katika hifadhi, waliokutwa kabla hawajazimwa," alisema Kihiyo. "Kwao pia hatukupata maneno ya wagonjwa. Tulidhani ni ubovu wa wavu wa zamani. Samahani. Nadhani walifanya hivi wote. Mgonjwa anatua mzigo, na hakuna anayeubeba." Akainua kalamu. "Naandika nini?"

"Andika ulichokiona."

Kihiyo aliandika kwamba kumbukumbu haina ushahidi kuhusu shauri la Mbaruku, akayasoma kwa sauti kama sheria inavyotaka, na Hidaya akaweka kidole gumba chake chini ya maandishi.

Walipotoka, Tunu alisimama. Alimtazama Hidaya usoni kwa mara ya kwanza tangu maziko.

"Umepata?"

"Hapana."

"Hakusema?"

"Hakusikia."

Tunu akauliza, na hasira haikuwamo tena katika sauti yake, "Huko ndani nikaone nini, dada? Niambie wewe kwanza."

Hidaya alifungua mdomo. Maneno yaliyomjia yalikuwa sahihi yote: jina, siku, chumba, mtoto wa siku tatu. Alitafuta kati yake moja la kuanzia, lenye upole, kama yule bibi alivyosema mtu anaweza kuambiwa. Alikuwa bado analitafuta Kihiyo aliposhika kitasa.

"Samahani," alisema Kihiyo. "Mrithi wa marehemu Siwatu."

Tunu alifunga ushungi wake vizuri, akaingia. Mlango ukafungwa kwa ndani.